Jua Linaporudi Kusini: Utangulizi wa Sayansi ya Ncha za Dunia

Hapa Lanet, kwenye viunga vya mji wa Nakuru, jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, iwe Januari au Julai. Tofauti ya mwezi na mwezi ni kama nusu saa tu. Mkulima wa huku hapangi kazi zake kwa urefu wa mchana, huzipanga kwa mvua: ile ya Aprili na Mei, ile ya Agosti, na vuli ya Novemba. Mtu aliyelelewa chini ya anga la namna hii akisikia habari za usiku unaodumu miezi, hudhani ni mambo ya watu wengine, yasiyogusa shamba lake, friji yake wala mtoto wake anayesoma fizikia kidato cha tatu.

Nauandika utangulizi huu kwa sababu naamini kinyume chake. Sayansi ya ncha za dunia ni elimu ya hewa, barafu, bahari na uhai wa Aktiki na Antaktika, na sehemu yake kubwa haieleweki bila kuijua hewa iliyo juu ya vichwa vyetu sisi wa ikweta. Mlango nitakaomwingizia msomaji ni mmoja: majuma ya Agosti, Septemba na Oktoba, kipupwe cha kusini kinapokwisha na jua kurudi kwenye vituo vya utafiti. Katika majuma hayo ulipatikana ugunduzi uliobadilisha sheria za dunia nzima, na matokeo yake yalifika Gigiri, Kigali na mashamba ya maua ya Naivasha.

Usiku mrefu na wanaobaki

Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4. Kwa sababu hiyo, sisi tunapata jua kila siku ya Mungu, lakini kwenye Ncha ya Kusini jua huzama mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, na kuchomoza mara moja, mwezi Septemba. Marekani ina kituo hapo, Amundsen-Scott, na watu wamekaa humo kila kipupwe tangu 1957, wa kwanza wakiwa wanaume 18 chini ya uongozi wa Paul Siple. Kituo kiko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji wa Nakuru, hiyo ni juu zaidi ya kilele cha ukingo wa Menengai kwa mita 500 na ushei. Ila anayesimama pale hakanyagi mwamba. Chini yake kuna barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita mbili na nusu.

Ndege ya mwisho ya msimu huondoka katikati ya Februari, na safari za kawaida hazianzi tena hadi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Sababu ni baridi pamoja na giza: kipupwe huko huzunguka nyuzi 60 chini ya sifuri, na ndege kubwa za mizigo haziwezi kufanya kazi kwa usalama katika baridi ya kiwango hicho. Wanaobaki ni kama watu 40. Kati yao wamo mpishi, daktari, fundi umeme, fundi bomba, fundi wa jenereta na wanasayansi wachache. Kijana anayesoma kurasa hizi na ajue tangu sasa kwamba kituo cha ncha husimama kwa mikono ya mafundi. Jenereta ikishindwa, hakuna utafiti, na baada ya muda mfupi hakuna uhai.

Upweke wa mahali hapo una kipimo chake. Tarehe 30 Aprili 1961, katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya, Leonid Rogozov, daktari pekee miongoni mwa wenzake, alijipasua mwenyewe na kukiondoa kidole tumbo chake kilichokuwa kimevimba, huku wenzake wasio madaktari wakimshikia kioo na vifaa. Alipona na kurudi kazini. Tukio hilo hufundisha jambo linaloongoza kila mpango wa kituo cha kipupwe hadi leo: chochote kitakachohitajika kabla ya Novemba lazima kiwe kimeshafika Februari.

Kipupwe kinavyokwisha

Mwisho wa kipupwe hauji kwa siku moja, wala hauji kwa mambo yote pamoja. Mwanga hutangulia. Kwenye Ncha yenyewe, mapambazuko huchukua majuma. Rangi ya upeo hugeuka kidogo kidogo, nyota hufifia, kisha jua huchungulia na kuuzunguka upeo wote bila kuzama, likipanda polepole kila siku. Madirisha ya kituo, yaliyozibwa miezi yote ili mwanga wa ndani usiharibu kazi ya darubini na kamera za anga, hufunguliwa. Katika kituo cha Uingereza cha Halley, kilicho kwenye latitudo ya nyuzi 75 kusini, jua hutoweka kwa zaidi ya siku 100 na kurudi Agosti. Desturi ya hapo ilikuwa kwamba jua likizama, mkubwa wa wote kwa umri huishusha bendera iliyochanwachanwa na upepo, na likirudi, mdogo wa wote hupandisha mpya.

Joto halifuatani na mwanga. Ardhi ya barafu hurudisha angani sehemu kubwa ya miale inayoipata, na jua la Septemba liko chini sana. Baridi huendelea kubana mwangaza ukiwa umekwisha kurudi. Bahari nayo ina kalenda yake: barafu ya bahari inayoizunguka Antaktika hufikia upana wake mkubwa Septemba, karibu kilomita za mraba milioni 18, zaidi ya mara 30 ya eneo la Kenya. Kwa hiyo jua linaporudi, meli iko mbali kuliko wakati wowote wa mwaka.

Katika pengo hilo, kati ya mwanga na ndege ya kwanza, ndimo kazi kubwa ya kituo hufanyika. Theluji iliyorundikwa na upepo dhidi ya majengo lazima ichimbwe. Njia ya ndege isawazishwe. Mapipa, vipuri na chakula vihesabiwe, kwa maana oda ya mwaka ujao hutegemea hesabu hiyo. Vyombo vilivyofanya kazi gizani vikaguliwe, na takwimu za miezi yote zipangwe kabla wageni hawajaingia. Matunda na mboga za msimu uliopita zilikwisha zamani. Kibichi pekee ni kile kinachooteshwa ndani ya chumba chenye taa, bila udongo.

Watu wenyewe huwa wamebadilika. Usingizi umevurugika kwa kukosa jua, kumbukumbu hupotea kwa mambo madogo, na wenzako wachache uliokula nao kila siku kwa miezi saba wanaweza kuwa faraja au mzigo. Wanasaikolojia wamejadili kwa muda mrefu dhana kwamba robo ya tatu ya muda wa kukaa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa nusu imepita lakini mwisho bado hauonekani. Matokeo ya tafiti hayajakubaliana. Hili ni moja ya maswali yaliyo wazi katika fani yetu, na halihitaji darubini, linahitaji usikivu kwa binadamu.

Kipimo kilichotoka Halley

Sasa tuingie kiini cha jambo. Halley ilianzishwa 1956 na msafara wa Royal Society ya Uingereza, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 hadi 1958, mataifa mengi yalipokubaliana kuipima dunia kwa pamoja. Miongoni mwa vyombo vilivyopelekwa kilikuwamo kile kilichobuniwa na Gordon Dobson wa Oxford katika miaka ya 1920. Chombo hicho hulinganisha mawimbi mawili ya miale ya jua ya urujuanimno: moja linalonyonywa sana na ozoni, jingine linalonyonywa kidogo. Tofauti yake humweleza msomaji wa chombo kiasi cha ozoni kilicho juu yake.

Kiasi hicho ni kidogo ajabu. Kama ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ingeshushwa hadi usawa wa bahari na kutandazwa, ingekuwa na unene wa milimita tatu hivi. Kwa vipimo vya Dobson, milimita tatu hizo ni vipimo 300. Utando huo mwembamba ndio unaozuia sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi, kuharibu macho na kudhoofisha mimea.

Kwa vile chombo kinahitaji mwanga, usiku mrefu wa Halley ulikuwa kimya. Vipimo vilianza upya kila mwaka jua liliporudi na kupanda vya kutosha, mwishoni mwa Agosti. Msomaji wa chombo alivaa, akatoka, akasoma, akaandika. Mwaka baada ya mwaka, mtu mwingine akiwa ameshika kalamu, kazi ikawa ile ile. Mapema katika miaka ya 1980, Jonathan Shanklin alipewa kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta karatasi za vipimo zilizorundikana. Yeye na wenzake Joseph Farman na Brian Gardiner wakaona jambo ambalo halikutarajiwa: wastani wa Oktoba, uliokuwa karibu vipimo 300 katika miaka ya mwanzo, ulikuwa umeshuka hadi karibu 200. Walichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwezi Mei 1985. Satelaiti zilithibitisha kwamba upungufu ulienea juu ya bara zima. Dunia ikaanza kulizungumzia tundu la ozoni.

Msomaji aone ugunduzi huu ulitokana na nini. Chombo kilikuwa cha miaka 60 kwa muundo wake. Fedha hazikuwa nyingi. Kilichokuwapo ni mfululizo usiokatika, uliotunzwa na watu waliokuwa tayari kukaa mahali pamoja, kupima saa ile ile na kuhifadhi karatasi. Mtu asingeweza kulijua pungufu la 1984 bila kuwa na 1957 mkononi.

Kwa nini jua liliporudi

Swali likabaki: kwa nini Antaktika, na kwa nini mwisho wa kipupwe? Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameonya kwamba klorofluorokaboni, gesi zilizotumika katika friji, viyoyozi na makopo ya kupulizia, haziharibiki hewani hapa chini. Hudumu miongo mingi, hupanda hadi tabaka la stratosfia, na huko miale huzivunja na kutoa klorini inayokula ozoni. Hata hivyo nadharia yao haikueleza pigo kubwa kiasi kile, katika mahali pamoja, katika miezi miwili.

Susan Solomon, mwanakemia wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 30, alitoa jibu akiwa na wenzake mwaka 1986. Katika usiku wa ncha, upepo wa juu huizunguka Antaktika na kuifungia hewa ndani yake. Hewa hiyo hupoa hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, na hapo mawingu membamba ya barafu na asidi hutokea mahali ambapo kwa kawaida hapana mawingu. Juu ya chembe za mawingu hayo, klorini iliyokuwa imefungwa katika michanganyiko isiyo na madhara hufunguliwa. Hungoja gizani. Jua likirudi, miale yake huiamsha, na atomu moja ya klorini huweza kuvunja maelfu ya molekuli za ozoni. Uharibifu huhitaji mambo mawili kwa pamoja, baridi ya kipupwe na mwanga wa jua linalorudi, na mambo hayo hukutana tu kwenye mpaka wa majira.

Agosti 1986 Solomon aliongoza kundi la watafiti kwenda kituo cha McMurdo, ndege za mwisho wa kipupwe zilipofika huko. Walipima usiku kwa kutumia mwanga wa mwezi uliopita angani, na mchana kwa mwanga wa jua, wakikuta klorini ya aina ile ile iliyotabiriwa. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995.

Gigiri, Kigali, Naivasha

Tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ilitiwa saini ili kupunguza na hatimaye kukomesha utengenezaji wa gesi hizo. Nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeiridhia. Ofisi yake ya sekretarieti iko Gigiri, Nairobi, katika makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Yaani mkataba uliozaliwa na vipimo vya mwisho wa kipupwe kwenye barafu ya kusini unasimamiwa kutoka mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka hapa Lanet. Tarehe 15 Oktoba 2016, wanachama walikutana Kigali, Rwanda, wakaongeza marekebisho yanayopunguza gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza, kwa sababu ingawa haziharibu ozoni, zinaongeza joto la dunia. Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Katika kaunti yetu ya Nakuru, itifaki hiyo iliingia shambani. Wakulima wa maua wa Naivasha walikuwa wakiufukiza udongo kwa methili bromidi ili kuua minyoo, kuvu na mbegu za magugu. Gesi hiyo hutoa bromini, ambayo atomu kwa atomu ni hatari zaidi kwa ozoni kuliko klorini. Ilikuwa pia dawa ya kufukizia nafaka kwenye maghala. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwanzo wa 2015 kuacha matumizi yake ya kawaida, na mashamba yakatafuta njia nyingine: kuuchoma udongo kwa mvuke, kutumia dawa nyingine, au kuotesha mawaridi katika kokoto nyepesi za volkano zinazopatikana papa hapa bondeni. Fundi wa friji wa mjini Nakuru naye ameshuhudia mabadiliko hayo bila kusoma jarida lolote: mitungi ya gesi aliyojifunzia ujana wake haiuzwi tena, na ya leo inahitaji vipimo na tahadhari nyingine.

Matokeo yanaonekana. Tathmini ya kimataifa ya 2022 ilikadiria kwamba, sera za sasa zikidumishwa, tabaka la ozoni juu ya Antaktika litarudi katika hali ya 1980 kufikia miaka ya 2060, na mapema zaidi sehemu nyingine za dunia. Katika habari za mazingira, ambazo nyingi huumiza, hii ni habari njema iliyopatikana kwa kazi, na tuna haki ya kuifurahia.

Hewa inayoanzia kwetu

Nimefika kwenye hoja inayonifanya niseme kwamba fani hii ni yetu. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya ukanda wa tropiki, ambako jua huwa kali mwaka mzima. Hata hivyo, haikai hapo. Kuna mzunguko wa polepole ambao Dobson na Alan Brewer waliutambua: hewa hupanda kwenye stratosfia kupitia tropiki, husafiri kwa miaka kadhaa kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na ncha. Kwa njia hiyo ozoni iliyozaliwa juu ya ikweta hulimbikizwa mbali nasi, na sisi tunabaki na utando mwembamba kuliko wa nchi nyingi za latitudo za kati.

Klorini nayo ilipita lango hilo hilo. Gesi iliyovuja kwenye friji ya Ulaya au Marekani ilichanganyika na hewa ya dunia nzima, na sehemu kubwa yake ikapanda stratosfia kupitia anga la tropiki, ndipo ikapelekwa kusini. Kilichoonekana Halley kila Oktoba kilikuwa kimepita juu ya nchi kama zetu miaka kadhaa nyuma. Ndiyo maana anayetaka kuijua hewa ya ncha lazima aipime pia hewa inayoingia langoni.

Kazi hiyo inafanyika hapa nchini. Huko Dagoretti, Nairobi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imekuwa ikirusha puto lenye chombo cha kupima ozoni mara moja kwa juma tangu 1996, kwa ushirikiano na idara ya hali ya hewa ya Uswisi. Puto hupanda hadi kilomita 30 hivi likituma vipimo, kisha hupasuka. Vituo vya namna hii karibu na ikweta ni vichache duniani. Chombo cha Dobson kimefanya kazi Nairobi pia. Na tangu 1999, kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari, kuna kituo cha mtandao wa kimataifa wa kuangalia hewa ya dunia, ambako gesi kama ozoni na monoksaidi ya kaboni hupimwa katika hewa iliyo mbali na moshi wa miji. Wanaotunza kituo hicho wanajua vyema maana ya umeme kukatika mahali pasipofikika upesi.

Haya si mambo ya kitaaluma tu. Lanet iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Jua la utosini, mwinuko na utando mwembamba wa ozoni hukutana hapa kuifanya miale ya urujuanimno kuwa mikali. Ndugu zetu wenye ualbino hulipa gharama ya ukali huo kwa ngozi zao kila siku. Kila sehemu ya ozoni iliyookolewa imewakinga wao kwanza.

Barafu yetu na barafu yao

Chumba cha pili cha fani hii ni barafu. Mwaka 1893 mwanajiolojia John Walter Gregory alipita Naivasha na Baringo, akachunguza kuta za bonde letu, kisha akapanda Mlima Kenya. Kitabu chake cha 1896 ndicho kilicholieneza duniani jina la Bonde Kuu la Ufa. Huko mlimani aliutembelea mto wa barafu akaupa jina la Lewis, kwa heshima ya mtaalamu wa barafu wa Marekani. Kwa hiyo baadhi ya maandishi ya mwanzo ya kisayansi kuhusu bonde tunamoishi na kuhusu barafu ya Mlima Kenya yalitokana na safari moja, ya mtu mmoja.

Mwaka ule ule wa Jiofizikia ulioipeleka Halley kusini uliwaleta pia wapimaji kwenye Mlima Kenya, 1957 hadi 1958. Baadaye Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliupima mto wa Lewis kwa miaka mingi, hadi ukawa miongoni mwa mito ya barafu ya tropiki iliyopimwa kwa muda mrefu zaidi. Watafiti wa Innsbruck, Austria, waliendeleza kazi hiyo, wakaonyesha kwamba kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, ulioitwa kwa jina la Gregory, umekwisha kabisa.

Barafu ya mlimani hutofautiana na ya ncha kwa jambo moja kubwa. Kwetu hakuna kipupwe kirefu cha kuihifadhi. Mlimani kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni baridi kali, na barafu huishi au kufa kwa kutegemea mawingu, theluji na ukavu wa hewa kama inavyotegemea joto. Antaktika, kinyume chake, imetunza tabaka juu ya tabaka. Nguzo ya barafu iliyotobolewa Dome C na wataalamu wa Ulaya ina hewa ya miaka 800,000, iliyonaswa ndani ya viputo. Anayeziweka barafu hizi mbili mezani pamoja hujifunza kinachotokea ncha na kinachotokea ikweta katika mabadiliko yale yale ya dunia.

Maziwa yetu nayo yanaingia humu. Pale Hyrax Hill, si mbali na Lanet, kuna alama za ufuo wa kale zinazoonyesha kwamba Ziwa Nakuru liliwahi kuufikia mlima ule. Mabadiliko makubwa ya maziwa ya bonde hili yamewahi kulinganishwa na enzi za barafu za kaskazini, mwanzoni kwa makosa mengi ya tarehe, baadaye kwa vipimo bora. Tangu 2010 hivi, Nakuru, Baringo, Bogoria na Naivasha yamepanda tena na kufunika nyumba, barabara na malisho. Kueleza kupanda huko ni kazi inayohitaji rekodi ndefu za hapa pamoja na uelewa wa bahari na hewa ya mbali.

Namna ya kuingia

Msomaji ataniuliza aanzie wapi. Aanze na fizikia ya mwanga na joto, kemia ya gesi, na takwimu. Hizo ndizo funguo tatu, na mtaala wa shule zetu unazo. Afahamu pia kwamba fani inabadilika. Tangu 2017 Halley haikaliwi na watu wakati wa kipupwe, kwa kuwa barafu inayoelea chini yake imepasuka na usalama hauna uhakika. Vyombo vyake hujiendesha vyenyewe gizani. Wataalamu wa mitambo inayoweza kufanya kazi miezi kadhaa bila mkono wa mtu wanahitajika kusini, na wanahitajika vilevile Mlima Kenya.

Pamoja na hayo, mashine haijaondoa fadhila ya kukaa na kuandika. Kipimo cha mvua kinachosomwa saa tatu asubuhi shuleni, kwenye misheni au shambani, kikisomwa bila kuruka siku, kina hadhi ile ile ya kipimo cha Dobson. Na karatasi za zamani zilizomo kwenye makabati ya ofisi zetu zinastahili kutendewa kama zilivyotendewa zile za Halley: zisafishwe, ziingizwe kwenye kompyuta, zisomwe kwa makini na mtu asiye na haraka. Mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuianza kazi hiyo na darasa lake muhula ujao.

Miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika tarehe 1 Desemba 1959, Afrika Kusini peke yake ilitoka bara letu. Hali hiyo ilitokana na historia na fedha, wala haitokani na maumbile ya elimu yenyewe. Chama cha kimataifa cha watafiti chipukizi wa ncha kimewafungulia milango vijana wa nchi zote tangu Mwaka wa Kimataifa wa Ncha wa 2007 hadi 2008. Mwaka mwingine wa Ncha, wa tano katika historia, unapangwa kufanyika 2032 hadi 2033. Aliye kidato cha tatu leo ana muda wa kutosha kuufikia akiwa na shahada, ujuzi wa fundi, au rekodi ya miaka kadhaa ya hewa ya kijiji chake aliyoipima mwenyewe. Sura zinazofuata zimepangwa ili kumfikisha huko, na ya kwanza inaanza na jua: linavyotoa nishati, na hewa inavyoipokea.